Anayeijua Nyumba

Hjördis Wiklund alifasiri karatasi za mirathi pale Härnösand, mji wa Uswidi, kwa miaka thelathini, na hakuna alichokichukia kama kufupisha maneno ya sheria. Siku ile Mzee Evert alimletea orodha ya mali ya marehemu Signe, ifasiriwe kwa Kiingereza. Msomaji wake ni Krister, mwana wa Signe, aliyekulia kwa baba yake Kanada hadi akasahau Kiswidi.

Evert na Signe walikaa pamoja miaka arobaini bila ndoa, katika nyumba ambayo Signe aliachiwa na wazazi wake.

"Tulidhani miaka inatosha," alisema Evert.

"Mzee wangu, nyote mnadhani hivyohivyo! Sheria haijali miaka. Nyumba ni ya mtoto."

"Nimeshaambiwa. Wewe fasiri tu, usinigombeze."

Jina la Evert lilikuwa mwisho kabisa wa orodha, kama mtoa habari, yaani aliyeitaja mali yote iandikwe. Wafasiri wengine huandika "mtoa habari" tu, basi. Hjördis aliguna, akaandika kwa kirefu, kama sheria inavyomweleza mtu huyo: "Evert Nordin, anayeijua nyumba hii na vilivyomo kuliko mtu yeyote, na ameapa kwa heshima yake."

Wiki mbili baadaye Krister alijibu. Hjördis akamsomea Evert barua hiyo:

"Kama yeye ndiye anayeijua, mimi nitaifanyia nini? Akae. Ila aniandikie, mama alipenda kuketi wapi."