Makaburi ya Maharage

Stefania wa Msanzi alianza kulima ntumba kabla hajamaliza kuota meno. Ntumba si kitu cha kumshangaza mtu wa Ufipa. Mvua zikishakolea na majani yakiwa bado mabichi, unayageuza pamoja na udongo wake, unayafunika kwa jembe mpaka unapata kichuguu cha mviringo kinachokufika magotini. Majani yanaoza humo ndani, juu unapanda maharage. Mwaka unaofuata unakivunja, unatawanya udongo na kumwaga ulezi. Hakuna mtoto wa huko aliyekua bila kula kilichotoka kwenye ntumba. Mchungaji Isdori naye alikula, tena kwa kurudiarudia, kwa sababu kile kitambi chake hakikuanzia mjini.

Isdori huyo alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwa kina Stefania. Stefania alikuwa msichana wa darasa la nne, darasa lililokuwa la mwisho kwake, na kazi yake mojawapo ilikuwa kumbeba Isdori mgongoni wakati mama yake yuko shambani. Alimfuta kamasi kwa pindo la gauni lake mwenyewe. Baadaye mtoto yule akawa anamtumikia padri altareni, akaenda Mbeya, akapotea huko miaka, akarudi mjini Sumbawanga amevaa suti ya rangi ya samli na kufungua kanisa. Kanisa la Mlango wa Mataifa, ndivyo alivyoliita. Lilikuwa banda la mabati mtaa wa Malangali, ndani yake zimetundikwa bendera za nchi ambazo watu wake hawajapata hata kuota kwamba Sumbawanga ipo.

Stefania hakulipenda lile kanisa, lakini alilihudhuria. Mume wake Alfonsi alikuwa Kasanga kwenye biashara ya dagaa, anarudi anapojisikia, na mtoto pekee aliyebaki naye ni Kelvin. Kelvin alijua Kiingereza, kwa hiyo Isdori alimfanya mkalimani. Mama mwenye mtoto mmoja haendi mbali na pale mtoto alipo. Stefania alikaa benchi la nyuma na kuangalia. Aliwaona wageni wa ng'ambo wakija kila mwaka na fulana zao za buluu, wakiwaosha miguu wazee ambao walikuwa wamekwisha kuoga asubuhi hiyo, wakiwagawia watoto miswaki na pipi kwenye mfuko mmoja. Aliona kisima walichokifungua kwa nyimbo na utepe, na aliona pampu yake ilipokufa ikawa mahali pa kufungia mbuzi. Aliona pia kwamba kila kitu kilipigwa picha, na kwamba mbuzi hawakupigwa.

Mwaka huu wageni walikuja mwezi wa tatu, udongo umelowa. Isdori aliwaleta Msanzi kuona vijiji ambavyo, kwa maneno yake, havijafikiwa na injili. Parokia iko pale tangu enzi za babu zake, na kengele yake ilikuwa ikilia wakati gari linaegeshwa.

Kiongozi wao aliitwa Roja, mzee mrefu mwenye macho mepesi kulia. Alishuka kando ya shamba la Stefania, lililo kwenye mtelemko jirani na barabara. Ntumba zilikuwa mpya, nyeusi, zimepangana mpaka chini bondeni. Roja alisimama. Akavua kofia. Kisha akapiga magoti kwenye tope, akaweka mkono juu ya kichuguu kimoja na kulia kwa sauti, na wenzake wote nyuma yake wakaanza kulia. Kijana mmoja alirusha angani kile kidude chenye kamera, kikavuma juu ya mtelemko mzima kama nyuki mkubwa.

Stefania alikuwa pembeni, jembe mkononi, tope mpaka mapajani. Alimtazama Isdori. Isdori alizitazama ntumba, akautazama mgongo wa Roja unaotikisika, akafikiri kidogo. Kisha na yeye akavua kofia.

Mama wa watu akajua wanabariki shamba. Ndiyo kwanza alikuwa anajiandaa kupanda, na hakuna aliyewahi kuyaombea maharage yake kwa machozi namna ile. Ubaridi wake wote juu ya kanisa lile ukayeyuka. Alisogea, akaweka mkono kifuani, akasema ameni, akasema asante, na chozi likamtoka. Roja alimkumbatia pamoja na tope lake.

Alipanda maharage siku iliyofuata, na kwa majuma kadhaa alimsema Isdori vizuri. Jirani yake Kabula, mke wa mfugaji wa Kisukuma aliyekuwa akimletea maziwa, alimwambia kwamba ikiwa Wazungu wamelia hivyo kabla ya kupanda, siku ya kuvuna watazimia. Walicheka wote wawili.

Maharage yalikuwa yameanza kutoa maua pale Kelvin alipokuja nyumbani na kumwonyesha video kwenye simu. Alimwonyesha kwa sababu alikuwa na furaha. Roja alikuwa ameiweka kanisani kwake ng'ambo, na watu wameguswa mno. Stefania aliliona shamba lake kutoka juu, ntumba mamia kwa mamia, na muziki wa huzuni ukipita. Akajiona mwenyewe, mkono kifuani, chozi shavuni. Akauliza yule baba anasema nini.

Kelvin alianza kuzungukazunguka. Mama akamwambia atafsiri kama anavyotafsiri kanisani.

"Anasema hili ni bonde la watoto," Kelvin alisema. "Anasema haya ni makaburi ya watoto waliokufa bila dawa na bila neno. Na wewe... kwamba umewazika hapa watoto wako wote."

"Wote?"

"Ndivyo alivyoelewa, mama."

"Basi wewe ni nani unayekula ugali wangu?"

Kelvin hakucheka. Alieleza kwamba hakuna aliyedanganya, kwamba Roja aliona mwenyewe akaamini mwenyewe, na Baba Mchungaji hakutaka kumwaibisha mgeni mbele ya wenzake. Alieleza kwamba sasa watajenga zahanati ya watoto na bustani ya kumbukumbu, na kwamba wageni wanarudi mwezi wa tano kuliweka wakfu bonde. Yeye Kelvin ataondoka nao kwenda kutoa ushuhuda. Mambo ya pasi ya kusafiria yameanza. Alipofika kwenye pasi sauti yake ilibadilika, akawa kama mtoto anayeogopa kunyang'anywa kitumbua.

Stefania alikuwa amezika mtoto kweli. Coleta, dada yake Kelvin, aliyekufa na homa kabla hajajua kusema sentensi nzima. Kaburi lake liko kwenye makaburi ya parokia, refu kwa kimo cha mtoto, si la mviringo, na msalaba wake wa mti umebadilishwa kila ulipooza. Roja alipita mbele yake na gari lake, vioo vimefungwa.

Juma lile Isdori alikuja mwenyewe. Alikalia kigoda kwa tahadhari ya mtu anayelinda suruali, akasema Bwana asifiwe, akasifu ugali alioukuta jikoni, akamsifu Kelvin. Kisha akafika alikokuwa anakwenda. Maharage yatolewe. Yang'olewe mapema, kabla ya wageni, ili bonde libaki kama lilivyoonekana kwenye picha. Si mashamba ya watu wote, alisema, ni lile tu la kando ya barabara. Lake.

Stefania alimkumbusha kwamba lile ndilo shamba lake lote, na maharage ndiyo mboga yake na chumvi yake na sabuni yake mpaka ulezi wa mwakani uive.

"Mama Kelvin, uzito wa maharage na uzito wa zahanati ni sawa kweli?" Isdori aliuliza kwa upole aliojifunza Mbeya. "Watoto watatibiwa. Watoto wa kweli. Mungu anaweza kutumia hata kosa la mgeni."

"Kosa la mgeni Mungu atalitumia. La kwako je?"

"Fikiria safari ya mtoto wako."

Hapo ndipo alipompata. Stefania aliutazama mlango, akamwona Kelvin amesimama nje akijifanya hasikilizi. Akasema amesikia. Isdori aliondoka akiwa ameridhika, maana amekaa mjini sana hata amesahau kwamba huku mtu akisema amesikia, hajasema zaidi ya hapo.

Siku zilizobaki alizipitisha vibaya. Alikuwa akienda shambani, anashika shina la maharage, anaangalia kama mkono wake unaweza kulivuta. Anaiwaza njaa ya mwezi wa kumi, kisha anamwaza Kelvin akimwambia baada ya miaka kumi kwamba ningekuwa mtu kama si wewe na mboga zako. Halafu anamwaza Kelvin mwenye kitambi na suti ya rangi ya samli, na anauachia mmea.

Asubuhi ya ugeni, vijana wa kanisa walifika na fulana za buluu, Kelvin mbele yao. Walitumwa kung'oa. Walimkuta Stefania ameketi katikati ya shamba, anachuma majani machanga ya maharage kwa ajili ya mboga. Walisimama barabarani wakitazamana. Kelvin alimwamkia mama yake, mama akaitika, na baada ya hapo hakuna aliyejua la kufanya. Hakuna kijana wa Kifipa atakayeng'oa maharage yenye mapodo mbele ya mwanamke aliyeyapanda. Mwishowe walichomeka misalaba midogo waliyoileta, iliyopakwa chokaa, mmoja juu ya kila kichuguu katikati ya maharage, wakaondoka haraka kama wezi.

Kabula alipopita na maziwa aliitazama ile misalaba.

"Shoga, kumbe ninyi Wafipa maharage yenu huwa mnayabatiza?"

"Pita na maziwa yako, Kabula."

"Mimi sipiti. Leo naangalia sinema bure."

Magari yalikuja jua limepanda. Roja alishuka wa kwanza, mikono imetanuliwa, akaona kijani kibichi mahali alipoacha udongo mtupu. Alisita. Stefania alimwona Isdori akifikiri tena, mara hii haraka zaidi, kama mtu aliyekwisha kuzoea.

Isdori alisema, kwa Kiswahili ili Kelvin atafsiri, kwamba hii ndiyo mila ya Wafipa. Mama hupanda chakula juu ya kaburi ili mtoto asilale njaa huko aliko.

Kelvin alitafsiri. Sauti yake ilitoka ndogo, lakini ilitoka. Wageni waliguna kwa huruma. Mwanamke mmoja alijifunika uso. Roja alisogea mpaka kwenye kichuguu alichosimama karibu nacho Stefania, akapiga magoti kwa mara nyingine, akagusa jani la haragwe kwa ncha ya kidole kana kwamba litavunjika. Akauliza jambo, taratibu, akimtazama Stefania usoni.

 Kisha akamgeukia Kelvin. Ikabidi aseme.

"Mama, anauliza huyu aliyelala hapa aliitwa nani."

Stefania alimtazama mwanawe. Kelvin alitazama viatu vyake. Kando yake Isdori alijiinamia kama anayeomba, akanong'ona.

"Taja jina tu, Mama Kelvin. Lolote."

Lolote. Mtoto aliyembeba mgongoni. Stefania aliweka chini ungo wa mboga, akaokota jembe na kuliinua. Wageni walipiga kelele. Yule mwanamke aliyejifunika uso aliufunua akarudi nyuma mpaka akajikwaa kwenye msalaba. Jembe lilishuka katikati ya kichuguu, likashuka tena, na kichuguu kikapasuka pande mbili. Harufu ya uozo mzuri ilipanda. Ndani mlikuwa na majani meusi yaliyolainika na minyoo miwili mitatu inayojikunja kukwepa jua. Maharage ya kichuguu kile yalilala ubavu, mizizi juu.

"Majani," Stefania alisema. "Mwambie anaitwa majani."

Neno lile moja lingetosha, lakini Kelvin alipoanza kulitafsiri hakuishia hapo. Aliendelea. Stefania hakuelewa hata kidogo, ila alisikia jina la Isdori, kisha jina la Coleta, na aliona mkono wa Kelvin ukielekeza kule kwenye mnara wa parokia. Aliuona pia uso wa Isdori ukibadilika rangi mpaka ukafanana na suti. Roja alibaki magotini. Alichukua majani meusi kwenye kiganja, akayanusa, akayarudisha. Aliposimama alipangusa magoti yake kwa makini sana, kwanza moja kisha jingine, na hakumwangalia mtu. Wakaingia kwenye magari. Kabula, aliyekuwa amekaa juu ya dumu lake barabarani, aliwapungia mkono.

Mtu angedhani hapo Isdori kaisha. Jumapili iliyofuata alihubiri juu ya roho ya upinzani iliyotoka vijijini, na watu walisema ameni kwa nguvu zaidi kuliko siku nyingine. Pasi ya Kelvin haikusikika tena. Kelvin alirudi Msanzi na begi lake, akakaa siku nyingi bila kumsemesha mama yake zaidi ya salamu, na Stefania hakumlazimisha. Alimwekea chakula akaondoka, anasikiliza kutoka jikoni kama kijiko kinagonga sahani. Siku moja alimkuta shambani, amepiga magoti, anakirudishia udongo kile kichuguu kilichopasuka. Alikuwa anakifanya vibaya, kirefu upande mmoja. Stefania alikaa upande wa pili wakakisawazisha.

Wakati wa kuvuna Kelvin alikuja na habari kutoka mjini. Roja na wenzake hawajakata tamaa na Ufipa. Bonde la watoto wameliacha, sasa wameleta huduma mpya: semina ya kuwafundisha akina mama wa vijijini kutengeneza mbolea kwa kufukia majani mabichi. Mratibu ni Mchungaji Isdori. Fulana ni za kijani. Stefania ametajwa kwa jina, anakaribishwa kiti cha mbele.

Stefania alikuwa ameinama, mikono miwili imeshika shina lililokauka. Alilivuta likaja lote, mapodo yakachakarika.

"Kawaambie sina nafasi," alisema. "Navuna makaburini."