Picha ya Setilaiti na Mashimo ya Chechelesi

Nilimchukia yule mtaalamu wa malaria kabla hajafungua mdomo. Alikuja Isiolo kutoka Nairobi katikati ya miaka ya themanini, mvua ikiwa imekatika juzi tu, na picha ya setilaiti ameikunja ndani ya bomba la plastiki. Mimi nilikuwa mpiga doria wa mbu: buti, upawa, daftari. Miaka tisa nilikuwa nikichota viluwiluwi kwa mkono wangu.

Akaitandaza picha mezani. Mto ulionekana, kandokando mwekundu, maana kwenye picha zile majani mabichi hutoka mekundu. Chechelesi, mtaa wangu, ilikuwa madoa machache ya kijivu. Doa moja lilimeza kiwanja kizima cha mpira.

"Hapa ni pakavu," akasema, kidole juu ya madoa yale. "Mafuta yote yamwagwe mtoni."

Tulikuwa na pipa moja tu la mafuta ya kuulia viluwiluwi. Nikamweleza kwamba Chechelesi watu huchimba udongo wa kukandika nyumba, mashimo yakijaa maji huyafunika kwa matawi ya miiba, mbuzi wasitumbukie. Nikamsukumia daftari. Kila shimo limo, nikamwambia.

"Mzee, setilaiti haina sababu ya kudanganya."

"Na mimi niko na sababu gani?"

Akairudisha picha ndani ya bomba. Siku nne nilimwaga mafuta mtoni huku nikimtukana kimoyomoyo. Kuku wangu alikuwa na akili kumshinda, na digrii hana.

Siku ya tano nilirudi nyumbani nikamkuta binti yangu wa miaka sita anaungua kwa homa, hanitambui. Nikaanza kumlaani mtaalamu kwa sauti, yeye na picha yake. Mke wangu aliniacha nimalize. Kisha akanipeleka nyuma ya jiko, akainua matawi ya miiba. Shimo nililichimba mwenyewe nikikandika ukuta, na miiba niliikata mwenyewe. Maji yalijaa viluwiluwi.

"Wewe natafuta mbu ya watu," akasema. "Hii yetu nani atatafuta?"

Nikafungua daftari. Mashimo ya majirani yote yalikuwamo. Letu halikuwamo, na kila asubuhi nililipita nikienda kuchungulia ya wengine.

Homa ilimpanda binti yangu kichwani. Alipona, ila sikio la kushoto halikusikia tena. Leo ni mama mwenye watoto wake, na nikitaka kumwambia neno huzunguka kwanza, nikakaa upande wake wa kulia.