'Polisi' wa uani ashika kipaza sauti

Ni saa tatu asubuhi, Jumamosi. Uani mwa jengo la ghorofa nne, mfagizi anapanga viti vya plastiki huku midomo ikimchezacheza. Anakariri hotuba.

"Nimezoea ufagio, sikuzoea kipaza sauti," anasema, akijicheka.

Wapangaji wamemwalika mwalimu mstaafu wa chekechea aje kuzungumza juu ya michezo ya watoto katika maisha ya siku hizi. Mwenyekiti wao ndiye aliyepaswa kumkaribisha, lakini mafua yamemkausha sauti.

"Dada, wewe unamjua kila mtu hapa. Tuokoe," alimnong'oneza mfagizi jana, akampa karatasi.

Watoto wa jengo hili humwita Polisi. Kwa miaka kumi na moja amewatimua uani wasije wakavunja vioo vya magari. Mipira aliyowanyang'anya mwaka huu pekee inafika kumi na saba.

"Nikichomoza tu, wanatawanyika. Nikajiona mchapakazi kwelikweli," anasema.

Nyumbani kwake, mjukuu wake wa miaka sita akitoka shule hushinda chumbani, mlango umefungwa, simu mkononi, hadi bibi arudi. Mwezi uliopita mwalimu wa mtoto alimwita. Wenzake wakicheza, alimweleza, yeye husimama ukutani tu. Mtoto hajui aanzie wapi kucheza nao.

"Nilirudi kazini moyo umenisinyaa. Nikawakuta watoto wanakimbizana kati ya magari. Siku hiyo sauti ya kuwafukuza haikutoka."

Viti vimejaa. Anasimama, anakunjua karatasi, anaitazama kidogo, kisha anaikunja tena.

"Mgeni wetu anaijua michezo ya watoto," anaanza. "Mimi ninachojua ni kuizima. Wanenu nimewafukuza, na mjukuu wangu nimemfungia ndani mpaka kucheza kumempotea. Kwa hiyo leo mwanafunzi wa kwanza ni mimi. Mwalimu, karibu utufundishe."

Mwalimu hajapiga hata hatua mbili, baba mmoja wa ghorofa ya pili, mlalamikaji mkubwa wa vioo vya gari, anainuka.

"Mama, usijibebeshe peke yako. Sisi ndio tuliokutuma."

Mfagizi anajifuta macho kwa kiganja.

"Nilikuja na maneno ya saa nzima," anasema mgeni, akipokea kipaza sauti. "Huyu mama ameshanimalizia nusu." Watu wanaangua kicheko, na mazungumzo yanaanza.

Kufikia adhuhuri wamekubaliana: kila Jumamosi asubuhi magari yataegeshwa nje, ua uwe wa watoto. Mwenye jengo, aliyepigiwa simu papo hapo, amenung'unika kidogo, kisha akatoa mwezi mmoja wa majaribio.

Mfagizi anapandanisha viti, na mpango wake uko tayari.

"Jumamosi ijayo nakuja na mjukuu wangu. Simsukumi. Nitamkalisha pale kwenye ngazi, awatazame wenzake. Hata akikaa wiki tatu anatazama tu, sawa. Lakini siku atakayoinuka mwenyewe, jamani, siku hiyo msiniulize kazi."