Mashine Iliyosimama Mferejini

Mwezi uliopita, msomaji wangu, nilipita Voi kwa shughuli nyingine, nikasimama mbele ya darasa ambamo niliandika programu zangu za kwanza. Niliziandika kwa penseli. Shule ilikuwa na kompyuta mbili tu, na mwalimu alikuwa na sharti lake: zoezi litekelezwe kwanza uwanjani, na mwanafunzi aliyejifanya mashine, likifaulu, ndipo mwandishi wake aketi mbele ya kioo cha kompyuta. Muhula ulikuwa ukingoni, nami sikuwa nimegusa hata kitufe.

Zoezi lilitaka mashine moja ifanye kazi tatu. Niliandika: teka maji mpaka mtungi ujae, kisha chambua mbaazi, kisha fagia darasa. Mashine yangu ilikuwa mwenzangu wa dawati, msichana wa kijiji cha Marungu mwenye ulimi mkali. Alifungua mfereji, ukakohoa, ukatoa upepo, ukanyamaza, kama ilivyo desturi ya mifereji ya Voi. Naye, kwa kuwa mashine haitendi lisiloamriwa, akasimama tu juani, mbaazi zikimngoja kwenye ungo.

“Wewe, hii programu yako itaniotesha mvi,” alisema. “Wachumba wakija, waambieni niko mferejini.”

Darasa zima likacheka, isipokuwa mwalimu. “Mashine haijakosea,” akaniambia. “Imekutii. Una muda mpaka kengele ilie.”

Hapo nikakumbuka desturi ya kwetu. Nyanya yangu hakuruhusu mtoto asimame mferejini bure. Mtungi wa plastiki ndio uliokaa kwenye foleni, na majirani wote waliiheshimu nafasi yake. Mwenye mtungi alirudi jikoni kuchambua mchicha, sikio likiwa nje, mpaka asikie maji yakigonga plastiki. “Mtungi una subira,” nyanya alizoea kusema, “wewe una mikono.” Nikafuta, nikaandika upya: maji yasipotoka, acha mtungi, shika kazi nyingine, yakitoka, rudi uteke, kisha uendelee pale ulipoachia.

Mwenzangu akaketi kivulini na ungo wake. Alikuwa amefika nusu ya mbaazi mfereji ulipoguna; akainuka, akateka, akarejea kwenye mbaazi zile zile. Kengele ililia akisukuma vumbi la mwisho nje ya mlango. Mwalimu akaniashiria niingie.

Sikumbuki nilichoandika siku hiyo. Nakumbuka uvuguvugu wa kioo, na kwamba nilifuta vidole kwenye sketi kabla ya kuvigusisha vitufe. Baadaye chuoni nilifunzwa kuwa ndivyo mfumo wa kompyuta unavyoendesha programu nyingi: inayongoja huwekwa kando, nyingine ikapewa zamu.

Siku hizi watoto wa Voi hufanya mazoezi hayo kwenye simu, na kosa huonyeshwa kwa mstari mwekundu usio na neno la utani. Wanafika mbali kuliko tulivyothubutu, nami nafurahi. Ila sisi kosa letu lilikuwa na uso wa rafiki, limesimama juani, likitungoja tufikiri vizuri zaidi.