Samadi ya Mjomba na Kwato za Farasi Wangu

Walisema farasi hawezi kuishi Old Moshi. Walisema masika hayataisha kabla sijawachinja, na nyama hakuna atakayeinunua. Mjomba, kaka yake mama, alilisema jambo hilo mbele ya watu, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi: "Miaka mitatu Ulaya unasomea miguu ya farasi! Hapa hata punda analikataa tope letu." Watu wakacheka. Niliwatazama mmoja mmoja waliocheka. Sijawasahau.

Nilikuwa na stashahada ya mifugo, ya kwanza katika ukoo wetu, na farasi wawili, dume na jike, niliowanunua kwa jasho langu kwa mkulima aliyekuwa anahama upande wa magharibi wa mlima. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, watalii wameanza kumiminika. Mwenye hoteli moja mjini aliahidi kuwachukua farasi wangu watembeze wageni wake, ila kwanza angekuja kuwakagua masika yakiisha. Hata mmoja akichechemea, hakuna mkataba.

Sikuwa na banda. Mjomba alinipa lake kwa sharti moja: samadi yote iwe yake. Kwetu ng'ombe hufugwa ndani na kukatiwa majani, na samadi huachwa chini yake miezi, ichanganyike na majani ya migomba, ndipo ipelekwe kihambani, shamba la nyumbani. Hiyo ndiyo kahawa, ndiyo ndizi. Anayezoa kila siku huonekana amerukwa na akili. Nikakubali. Kosa lilikuwa langu, na nalikiri hapa mara moja tu.

Wiki ya tatu ya mvua, yule jike akawa anaweka chini mguu wa nyuma kwa woga. Nikauinua. Harufu ilinifikia kabla sijaona kitu. Ile sehemu ya pembetatu katikati ya ukwato ilikuwa imelainika, na pembeni yake mnatoka uchafu mweusi kama oili chafu. Nikachukua koleo.

"Unafanya nini wewe?" Mjomba alikuwa mlangoni.

"Natoa uchafu, mjomba. Kwato zinaoza."

"Uchafu? Hiyo ni mali yangu! Mvua itaipeleka yote kwa jirani!"

"Farasi si ng'ombe."

"Ng'ombe wangu wamesimama humo tangu babu yako yu hai. Uliona hata mmoja anaomba viatu?"

Mkewe akadakia kutoka jikoni: "Mae! Msomi anamwaga ndizi zetu!"

Niliitoa yote, mpaka udongo ukaonekana. Na kweli, mvua iliichukua ikaipeleka kwa jirani. Mjomba akaninyang'anya koleo, akaapa kutonipa hata kamba.

Basi nikaazima kwa wengine, na kila mmoja alinipa na tusi lake. Fundi ujenzi alinipa toroli: "Ukikimbilia tena Ulaya, hili liache." Seremala alinipa maranda ya kutandika chini, jirani akanipa changarawe ya kuinua sakafu ili maji yasituame. Mwenye shamba la juu alinipa mrututu, ule wa buluu wanaopulizia kahawa, akauliza kama farasi wangu wameota kutu ya majani. Kila asubuhi na jioni nilichokonoa kwato nane kwa chuma, nikasugua kwa brashi, nikakausha kwa kitambaa, nikapaka mrututu uliozimuliwa penye ugonjwa. Nilikata sehemu ya ukwato iliyooza, kidogo kidogo. Hakuna aliyenisaidia, na sikuomba.

Mwenye hoteli alikuja barabara zikiwa bado na utelezi. Aliwatembeza wote wawili juu ya mawe, wakipanda na kushuka, kisha akainua kila mguu na kuunusa. Akatia saini juu ya mgongo wa jike.

Kabla ya kuwahamishia mjini nilirudisha vya watu kwa siku moja. Toroli likiwa na tairi jipya. Seremala mbao, jirani lori la changarawe, mwenye shamba mfuko mzima wa mrututu, haujafunguliwa. Mama alinipa jani la isale nimpelekee mjomba, kwani kwetu ukimpelekea mtu jani hilo hawezi kukunyima msamaha. Nikamrudishia mama jani lake. Nilienda kwa mjomba na lori la samadi ya ng'ombe kutoka Bomang'ombe, likamwaga yote mlangoni mwa banda.

"Shikamoo, mjomba. Samadi yako hiyo."

Aliishika, akaifikicha vidoleni. "Kavu hii."

"Ndiyo, mjomba. Kavu."

Nikapanda lori, nikamwambia dereva ageuze.