Mtani Hakasirikiwi

Kwetu Unyamwezi mtani hakasirikiwi. Akikutukana mbele ya wakwe zako, unacheka. Akija msibani akafanya vituko, unacheka huku machozi yanakutoka. Nimelelewa hivyo, na mpaka kaka yangu alipokufa sikuwahi kuona ubaya wake.

Kaka alikuwa mfuaji hospitalini, hapa Tabora mjini. Alipokea mashuka ya wodini, na damu zake na kila kitu, akayatia mashineni. Basi wafuaji wote walipoitwa wakachanjwe chanjo ya homa ya ini, dozi tatu, bure, nilidhani atakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Jioni ile tulikuwa barazani kwake, Kanyenye: yeye, mimi na mfuaji mwenzake, Mgogo, mtani wetu tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo begani kwenda pwani. Nilimuuliza kaka ataenda lini. Kabla hajafungua mdomo, mtani akadakia.

"Huyu? Dada, Mnyamwezi bila mgongo ni nini? Dozi ya kwanza inakula mgongo, ya pili inakula mambo ya chumbani, ya tatu ndiyo mnaniita mimi nije nimbebe!"

Tulicheka mpaka wifi akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Na mimi nilicheka. Hilo siwezi kulifuta.

Kaka hakwenda. Kila nilipomsukuma alinirudishia maneno yale yale, akijipigapiga kiunoni. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, anashika damu za watu kutwa nzima! Alijua fika kwamba ni mzaha. Aliogopa tu, na mzaha ukampa pa kujifichia, maana nani atabishana na mtani? Ukianza kueleza habari za ini unaonekana umekosa ucheshi. Nikanyamaza. Mjinga mimi.

Masika yaliyofuata sindano iliyosahauliwa ndani ya shuka ilimchoma kidole. Alikinyonya, akaendelea kupakia mashine, na hakumwambia mtu. Alikuja kusema macho yalipokwisha kuwa manjano kama binzari. Daktari akatuambia ini limeshindwa kazi. Siku za mwisho hakutujua, hata wifi hakumjua, na mashuka aliyolalia yalipelekwa kwa wenzake wakayafue.

Tulimzika kijijini, njia ya Nzega. Mtani akatimiza wajibu wake kama ada inavyotaka: akaruka ndani ya kaburi, akalala chali, akagoma kutoka.

"Hapa haingii mtu! Aje mwenyewe aniambie mzigo wake kamwachia nani!"

Waombolezaji wakacheka, wifi naye akatabasamu kidogo. Mimi nilitamani wamfukie palepale.

Baada ya mazishi nilimfuata alipokuwa ananawa udongo. Mtani akizidisha hutozwa faini, na hana ruhusa ya kukataa. Usiku kucha nilikuwa nimeifikiria faini yake.

"Mtani," nikamwambia, "sitaki kuku wala mbuzi. Jumatatu tunakwenda wote ukachanjwe ile ya ini, na mimi nimesimama hapo naona. Mmoja ametosha."

Alibaki ameinama, maji yanamdondoka mikononi.

"Dada," akasema kwa sauti ndogo, "mimi nilishamaliza zote tatu. Ya kwanza nilichanjwa asubuhi yake, baada ya ile jioni. Nilijua na yeye anakuja. Nilikuwa namtania tu."

Nikampokonya kopo la maji nikamtupia la uso kwa nguvu zangu zote. Likampasua juu ya jicho, damu ikatoka. Nikamwita muuaji, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Watu wote wakaangua kicheko, wakapiga makofi. Walidhani ni utani.