Siku Nilipopanga Ubatizo na Bahari Ikaondoka

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, maana mimi mwenyewe nimeshajicheka mpaka nimechoka, na pale kanisani kwetu Rahaleo, Mtwara, hadi leo wanakwaya wakiniona naingia mazoezini wanapandisha sketi na suruali mpaka magotini na kuanza kunyata kama watu wanaovuka tope. Siwezi hata kuwakemea, kwa sababu wanaigiza vizuri.

Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho wa chuo cha uchungaji. Chuo chetu kipo nyanda za juu, kwenye baridi, ambako maji mengi niliyowahi kuyaona mahali pamoja ni ya kisima cha ubatizo nyuma ya bweni, na utaratibu ni kwamba mwaka wa mwisho kila mwanafunzi anapelekwa mahali miezi sita kufanya kazi chini ya mchungaji mzoefu, ambaye mwishoni anakujazia fomu. Hiyo fomu ndiyo roho yako. Ikirudi na maneno mabaya wenzako wanawekewa mikono kuwa wachungaji, wewe unarudi darasani kurudia mwaka mzima, na mama yangu alikuwa ameshashona nguo ya sherehe. Mimi nilipangiwa Mtwara kwa Mchungaji Lameck, mzee mkimya sana, ambaye ukimuuliza habari za asubuhi anafikiri kwanza.

Sasa lazima niwaambie ukweli kuhusu chuo. Vitabu tulisoma, sikatai, lakini kilichotuingia hasa ni tabia. Baada ya miaka mitatu mtu unatoka na kikohozi cha kuanzia kuongea (hata ukiwa unaagiza chai), leso iliyokunjwa mara tatu ya kufutia jasho ambalo halipo, na ugonjwa wa kuitikia "Amina" kwa kila kitu anachosema mtu. Halafu kuna "namalizia", ambayo mhubiri aliyeiva anaisema mara nne kabla hajamaliza. Ila kubwa kuliko zote ilitoka kwa mwalimu wetu mmoja, aliyetuambia mchungaji hasemi "sijui", kwa sababu kondoo wakishasikia mchungaji hajui njia watatawanyika. Neno hilo nililiandika kwenye daftari, nikalipigia mistari miwili.

Basi Mchungaji Lameck akaniambia ubatizo wa mwezi ule niuandae mimi na kubatiza nibatize mimi, yeye ataangalia na fomu yake. Wa kubatizwa alikuwa mmoja tu, Mzee Ngonyani, mstaafu wa bandarini, mzaliwa wa Songea, mtu wa kilo kama mia hivi. Alikuwa ameahirisha ubatizo miaka na miaka kwa sababu anaogopa maji. Kazi ya bandari ameifanya ujana wake wote akiwa ameipa bahari mgongo.

Jumamosi moja saa nne asubuhi nikaenda pwani ya Ufukoni kukagua. Maji yalikuwa pale pale, yametulia, yanafika kiunoni ukipiga hatua chache tu. Nikasema wiki ijayo siku kama hii, saa kama hii, mahali hapa hapa. Wakati naondoka nikakutana na Bi Somoe, mama mtu mzima anayevua pweza kwa kijiti upande ule, tunasalimiana kila siku. Nikamweleza mpango wangu kwa fahari.

"Saa nne," akasema. "Maji umeulizia, mwanangu?"

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Sikuelewa swali. Maji yanaulizwa nini, na anaulizwa nani? Lakini daftari langu lina mistari miwili, basi nikakohoa, nikasema nimeshaulizia.

"Haya," akasema Bi Somoe, akaendelea na pweza wake.

Jumapili nikatangaza. Waumini wetu wengi ni walimu na watumishi wa serikali waliotoka bara kama mimi, wakapiga makofi. Mchungaji Lameck akanisogelea akaniuliza kama maji nimeyaangalia vizuri, nikamjibu nimeyaangalia kwa macho yangu. Akanitazama kidogo, akasema sawa.

Jumamosi ilipofika tukaenda kwa maandamano, kwaya mbele na majoho meupe, ngoma, mimi nimevaa suti na viatu nilivyong'arisha tangu jana yake, Mzee Ngonyani katikati ameshikwa mikono miwili asikimbie. Mchungaji Lameck alikuja na kandambili na suruali iliyokunjwa, nami nikajisemea moyoni kwamba mzee leo amejisahau. Tukakata kona ya mwisho, na bahari haikuwepo.

Sisemi kwamba ilikuwa imepungua. Haikuwepo. Palikuwa na tope, mwani na mawe kwenda mbele mpaka macho yanaishia, na kule mbali kabisa kina mama wameinama wanaokota chaza. Kwaya ikanyamaza mmoja mmoja, wa mwisho akiwa mpiga ngoma, ambaye huwa haangalii mbele.

"Mwinjilisti," akasema Mzee Ngonyani, na ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kumwona akitabasamu, "naona Bwana ameamua tofauti."

Mtu mwenye akili angesema jamani nimekosea, turudi nyumbani. Mimi nikakohoa. Nikawaambia nililijua hilo, na kwamba nimekusudia tuyafuate maji kwa miguu kama tendo la imani (nawaapia, maneno hayo yalitoka kinywani mwangu). Tukaanza kutembea. Kiatu cha kwanza nilikiacha hatua ya ishirini, cha pili nikakivua mwenyewe kwa hasira. Wenye sauti ya kwanza walikuwa wanapiga kelele kwa ajili ya kaa, majoho yamekuwa rangi ya udongo, na nyuma yetu Mchungaji Lameck anakuja taratibu na kandambili zake, ameibana fomu kwenye ubao, anaandika. Kila nikigeuka anaandika.

Tulitembea kama nusu saa mpaka kwenye fungu la mchanga, na maji tuliyoyakuta yalimfika Mzee Ngonyani kwenye vifundo vya miguu. Nikaona mwaka wangu unaondoka, nguo ya mama inarudi kabatini. Nikaona dawa pekee ni kuokoa alama kwa mahubiri, ubatizo tutautafuta baadaye. Nikatoa leso, nikafumba macho, nikaanza.

Jamani, nilihubiri. Kina mama wa chaza na Bi Somoe mwenyewe wakasogea kutazama, na mimi kuona watu wameongezeka ndiyo nikakolea kabisa. Hoja ya kwanza, hoja ya pili, sauti imekwaruza vizuri, nimesema "namalizia" mara tatu. Jua likapanda. Katikati ya hoja ya tatu nikamsikia Bi Somoe.

"Mchungaji, maji yanarudi."

"Amina," nikamjibu, macho nimefumba.

"Yanarudi kwa nyuma yenu."

"Amina, mama. Sema tena."

"Mwanangu, fumbua macho."

Nikafumbua. Fungu tulilosimama lilikuwa limebaki kama ukubwa wa jamvi, na kati yetu na nchi kavu, pale tulipopita kwa miguu, palikuwa na bahari. Sauti ya kwanza ikaanza kulia, mpiga ngoma akaweka ngoma kichwani. Bi Somoe akaja mpaka mbele yangu, hana haraka hata kidogo.

"Wiki ile ilikuwa maji mafu, hayaendi mbali; leo bamvua, mwezi mpevu huu, yanatoka mpaka kule nje," akasema. "Saa nne hukuti maji hapa. Uliposema umeshaulizia, ulimuuliza nani?"

Watu wote wananitazama. Mchungaji Lameck kalamu iko juu ya karatasi. Nikakohoa, nikairudisha leso mfukoni.

"Sikumuuliza mtu," nikasema. "Mambo ya maji mimi sijui. Tunatokaje hapa?"

"Sasa umeuliza," akasema Bi Somoe, akatupanga mstari mmoja, kila mtu ashike bega la mwenzake, yeye mbele na kijiti chake anapapasa njia. Tulipofika katikati maji yakawa kiunoni, akasimama akageuka. "Si ulikuwa unatafuta maji? Haya hapa."

Nikamshika Mzee Ngonyani kama tulivyofundishwa, mkono mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Ila chuoni nilijifunzia kwa mwenzangu wa bwenini mwenye kilo hamsini, tena kwenye majani. Nilipomlaza mzee alinikumbatia shingo kwa mikono yote miwili, tukazama wote, na walioona wanasema yeye aliibuka kwanza, akaniinua mimi kwa kola. Alikuwa anacheka. Akasema kumbe ni hivi tu.

Ufukweni, tukikamua nguo, Mchungaji Lameck aliniambia alijua tangu Jumapili ile nilipotangaza kwamba saa hiyo maji hayatakuwepo, na kwamba ni yeye aliyemwomba Bi Somoe asikose kuwepo.

"Kwa nini hukuniambia, mchungaji?"

Akafikiri kwanza, kama kawaida yake. "Nilikuwa nasubiri uniulize."

Fomu ililowa, wino ukachuruzika ukurasa mzima, chuoni wakaweza kusoma mstari mmoja tu aliouandika baadaye chini kabisa: "Anafundishika, akishalowa." Walinipitisha, na mama akavaa nguo yake.

Sasa nimerudishwa Mtwara, mchungaji kamili, na nimeapa sipangi jambo la baharini bila kumpigia simu Bi Somoe, hata kama ni chai ya kwaya kule Ufukoni. Neno "sijui" nalisema kila siku, tena kwa raha. Tatizo wazee wa kanisa wameanza kunung'unika kwamba wamepewa mchungaji asiyejua kitu, na juzi wameniita kikaoni wakaniuliza nina mpango gani wa kujirekebisha. Nikakohoa, nikawajibu kwamba hilo nalo sijui.